Nani Ataikoki Bastola ya Bi Verna

Benchi lipo mbele ya duka la Orville la vyakula vya mifugo, kati ya mashine ya barafu na rundo la mifuko ya mchanga wa kumwaga njiani, inayosubiri theluji. Kila asubuhi Orville huweka birika la kahawa dirishani na hakuna anayemshukuru. Wenyeji wa benchi ni watatu, wote wameipita sabini. Lyle Hutsell, fundi mstaafu wa malori, anaitwa Dizeli. Doyle Pruett anaitwa Shemasi kwa sababu ni shemasi kweli, wa kanisa la Wabaptisti la barabara ya juu. Norvin Tate anaitwa Sajini. Alipika jeshini ujanani na tangu hapo hajamaliza kulisimulia jeshi hilo. Alhamisi ile ya Oktoba, zikiwa zimebaki wiki chache msimu wa kuwinda kulungu ufunguliwe, Bi Verna Stubblefield aliegesha gari lake likiwa limekaa upande, akashuka na mkoba, akatoa bastola ndogo nyeusi na kuiweka juu ya pipa lililopinduliwa wanalolifanya meza.

— Haina kitu, alisema. Natoka duka la bunduki sasa hivi, muuzaji ameifungua na kuikagua mbele yangu. Magazini, ile ya kutilia risasi, iko nyumbani, risasi ziko nyumbani, boksi lake halijafunguliwa. Kwa hiyo msirukeruke.

Shemasi aliigeuza hata hivyo, mdomo ukaelekea kwenye mifuko ya mchanga.

— Tatizo nini, Bi Verna?

— Tatizo ni nyie.

Dizeli akacheka. Sajini akasogea kumpisha. Bi Verna hakukaa.

— Nilikuja hapa kiangazi nikawauliza ninunue ipi. Mkanijibu wote kwa pamoja kama kwaya: mkono mdogo, bastola ndogo. Haya, nimenunua ndogo. Siwezi kuikoki.

Kuikoki ni kukivuta nyuma kile kipande cha juu mpaka mwisho, kisha kukiachia, ndipo risasi ya kwanza iingie mahali pake. Bi Verna alishona ngozi za viatu kiwandani tangu usichana hadi kiwanda kilipofungwa, na vifundo vya vidole vyake vimevimba na kupinda upande mmoja. Uma anaushika. Chupa ya achari huwapelekea majirani wamfungulie.

— Mrudishie aliyekuuzia, alisema Sajini.

— Anasema ikishatoka mlangoni ni yangu. Halafu akanicheka. Anasema kadiri bastola inavyokuwa ndogo ndivyo springi yake inavyokuwa ngumu. Anasema kila mwanamke wa wilaya hii anayeingia dukani kwake anaitaka hiyo hiyo ndogo, na kila mmoja ametumwa na mwanamume fulani aliyekaa kwenye benchi.

Benchi zima likanywa kahawa.

— Sasa haraka ya nini? aliuliza Dizeli. Jifunze polepole. Huna safari.

— Ninayo, kama nikishindwa. Curtis anakuja Jumapili.

Curtis ni mwanawe, anauza bima jijini Springfield. Tangu wezi wavunje banda la jirani wa mama yake, na msaidizi wa sherifu akafika wakati wezi wameshavuka mpaka wa jimbo la Arkansas, Curtis amekuwa na maneno yale yale kila akipiga simu. Mama ajilinde, au mama ahame.

— Amesema ataiweka mezani baada ya chakula, alieleza Bi Verna. Mimi niikoki mwenyewe, yeye akiangalia. Nikiweza, nabaki kwangu na hatalisema tena. Nisipoweza, naondoka naye jioni hiyo hiyo. Kuna chumba wanachoweka ile mashine ya mazoezi ya kukimbia. Amesema wataisogeza ukutani.

— Wataisogeza tu? aliuliza Shemasi.

— Ukutani. Haitoki.

Hapo kila mtu akataka kusaidia kwa wakati mmoja. Sajini aliwahi.

— Hebu niipate. Jeshini tulikuwa tunafanya hivi macho yamefungwa.

— Jeshini ulikuwa unamenya viazi, Norvin, alisema Dizeli.

— Na viazi vyenyewe vya jeshi. Nipishe.

Akaishika, akauelekeza mdomo kwenye mifuko, akavuta. Shingo ikatoka mishipa. Kipande cha juu kikasogea upana wa kucha, kikarudi.

— Mkono huu niliulalia jana, alisema, akairudisha juu ya pipa kwa adabu.

— Lete kwa fundi, alisema Dizeli. Nimefungua nati za malori ambazo hata moto wa gesi ulishindwa.

Akajifuta viganja kwenye suruali, akashika, akavuta. Uso ulipandisha rangi kuanzia kidevuni hadi kwenye kofia. Kipande kikaenda nusu, kikamponyoka na kumbana ngozi ya kidole gumba. Akasema neno ambalo Shemasi alilikoholea.

— Ni mpya, alisema Dizeli akinyonya kidole. Haijafunguka. Ukiiweka kwenye friza siku mbili chuma kinasinyaa, springi inalegea yenyewe.

— Kwa hiyo mwizi akija nimwambie angoje nikatafute bastola chini ya njegere? aliuliza Bi Verna.

— Hapana, unaitoa Jumapili asubuhi. Ni kwa ajili ya Curtis tu.

— Lyle, mimi najilinda na Curtis au na mwizi?

— Wiki hii? Curtis.

Shemasi alikuwa ameingia dukani. Alirudi na pea ya glavu za mpira za kuoshea vyombo, za njano, lebo bado inaning'inia.

— Vaa hii, Bi Verna. Vidole havitateleza. Sasa usiivute. Sikiliza, usivute kabisa. Isogeze karibu na kifua, mdomo huko kwenye mchanga, kidole mbali na kifyatulio. Huu mkono wa glavu ukamate kipande cha juu kwa kiganja chote, si kwa ncha za vidole, halafu utulie hapo hapo. Ule mwingine ndio ufanye kazi: sukuma mpini mbele, kama unafunga droo iliyokwama.

— Nani kakufundisha haya?

— Marehemu mke wangu. Alikuwa na mikono kama yako.

Bi Verna alivaa glavu, na kuivaa tu kukamchukua muda. Akasimama mguu mmoja mbele. Akasukuma, na kiuno kikaenda pamoja na mkono. Kipande kilirudi nyuma polepole, nusu, zaidi ya nusu. Hakuna aliyekunywa kahawa. Kikasimama pale, kikatetemeka, kikamponyoka.

— Karibu! alipiga kelele Sajini.

— Curtis hana alama za karibu, alisema Bi Verna. Alikuwa anahema. Akarudia. Mara hii kilifika robo tu.

— Vidole vimechoka, alisema Shemasi. Pumzika. Kesho tena.

— Kesho vitakuwa vimevimba. Hebu wewe onyesha, Doyle. Nione mwisho wake unafananaje.

Shemasi alitazama saa, akatazama barabara. Akaichukua, akafanya kila alichokuwa amekisema: kifua, kiganja, droo. Droo haikufunga.

— Nimefunga leo, alisema. Nguvu hazipo.

— Umekula soseji mbili mbele yangu, alisema Dizeli.

— Nimefunga baada ya hapo.

Kuanzia hapo maarifa yakapanda ngazi. Sajini alisema dawa ni kunywa maji ya achari asubuhi na jioni, mjomba wake aliyanywa na alikufa akiwa na vidole vilivyonyooka kama penseli. Shemasi aliuliza mjomba huyo alikufa na nini. Sajini akasema tumbo, lakini hiyo ni habari nyingine. Dizeli alitaka uzi wa kuvulia samaki, ule mnene wa kambare: ncha moja kwenye kipande cha juu, nyingine kwenye kitasa cha mlango. Mwizi akifungua mlango, anaikoki mwenyewe.

— Na asipofungua? aliuliza Bi Verna.

— Basi si mwizi, ni mgeni.

— Na Curtis akifungua?

Dizeli alifikiri.

— Basi umefaulu mtihani.

— Uzi haufai, alisema Sajini. Unahitaji mguu. Mguu una nguvu kuliko mikono yote miwili. Dizeli, una klachi ya lori nyuma ya nyumba?

— Ninazo tatu.

— Basi! Tunafunga pedeli chini ya kitanda, waya unapanda mpaka mezani. Mwizi anaingia, Bi Verna anakanyaga klachi.

— Gia ya ngapi? aliuliza Bi Verna.

— Ya kwanza, alisema Dizeli bila kucheka. Ukianzia ya pili itazima.

— Nyie, alisema Shemasi, mnajua mnaongea juu ya bastola? Hakuna mtu anafunga uzi wala waya kwenye bastola katika wilaya hii wakati mimi niko hai. Mnunulieni mbwa.

— Mbwa ninaye, alisema Bi Verna. Anaogopa mashine ya kukausha nguo.

— Mfundishe kukoki, alisema Sajini. Meno yake bado mazuri.

Nyuma yao alikuwa amesimama Bi Marit Lindqvist, aliyehamia kutoka Minnesota, kaskazini, majira ya kuchipua na kununua nyumba ya zamani ya kina Haskell. Alikuwa na toroli lenye mfuko wa chakula cha kuku, anangoja mtu asogeze miguu ili apite. Alikuwa amengoja muda.

— Samahani, alisema. Nyie nyote watatu mna bastola?

Sajini aligeuka na tabasamu la kumpokea mgeni.

— Mama, hapa kuuliza hivyo ni sawa na kuuliza kama tumevaa suruali. Yangu hii hapa kiunoni.

— Na hizo zenu zikitaka kukokiwa ni ngumu kama hii?

— Kubwa ni rahisi kidogo, alisema Dizeli. Kidogo.

— Sawa. Sasa hizo zenu, nani huwa anawakokia?

Lori la maziwa lilipita. Sajini aliinama akafunga kamba ya kiatu, na kiatu kilikuwa cha zipu. Shemasi alifungua kifuniko cha birika, akachungulia ndani, akakifunga. Dizeli alikuwa bado na kidole mdomoni.

— Nimeuliza vibaya? alisema Bi Marit.

— Umeuliza vizuri kabisa, mwanangu, alisema Bi Verna. Ya Lyle anaikoki Lorene, mkewe. Kaniambia mwenyewe, tukiwa tunakunja mashuka ya kanisa. Kila akiisafisha anamwita kutoka jikoni.

— Lorene ana mikono ya ajabu, alisema Dizeli kwa sauti ndogo. Ukoo wao wote.

— Norvin?

— Mjukuu huja kila Novemba, Sikukuu ya Shukrani, alisema Sajini kwa kiatu chake.

— Kwa hiyo hiyo iliyoko kiunoni imekaa hivyo tangu mwaka jana. Doyle?

Shemasi alimwangalia Bi Verna, kisha akaiangalia ile glavu ya njano.

— Alikuwa ananifanyia yeye, alisema.

Bi Verna aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alivua glavu kidole kimoja kimoja, akaiweka mapajani, akakaa akiitazama barabara kama mtu aliyekuwa akitafuta neno muda mrefu na sasa amelipata.

— Na hakuna mtu, alisema, hata mmoja, aliyewaambia mhame.

— Hakuna, alikubali Shemasi.

— Hakuna aliyesogeza mashine ukutani.

— Hapana, bi.

— Vizuri, alisema Bi Verna. Akasimama, akaitia bastola mkobani, akabana mkoba kwapani. Jumapili mje nyote watatu. Nitaoka nyama ya ng'ombe na viazi, na mayai yale ya haradali mnayoyaiba kwenye misiba. Curtis akiniwekea bastola mezani, na mimi nitawaweka nyie mezani. Mtaanza nyie, mmoja mmoja, yeye akiangalia. Zamu yangu itakuwa ya mwisho. Anayeshindwa, anapanda gari la Curtis.

— Wote wanne? aliuliza Sajini.

— Chumba ni kimoja. Mtapanga wenyewe nani analala juu ya mashine.

Bi Marit akacheka, akaomba radhi kwa kucheka, akaulizwa kama anakula nyama ya ng'ombe. Akasema anakula. Akaambiwa naye aje, saa ya kutoka kanisani. Bi Verna alipanda gari, akarudi nyuma bila kutazama kioo, akaondoka.

Orville alitoka na birika jipya. Hakuna aliyenyoosha kikombe. Dizeli alikuwa akilifuata gari kwa macho mpaka likakata kona.

— Lorene naye, aliuliza, amealikwa?