Marehemu Adinani na Skolashipu ya Najiat

Pale Chemchem, barabara ya vumbi inapokata kona, kuna benchi la mninga ambalo katikati limeshaingia tumbo. Mninga ni mti mgumu, lakini makalio ya watu wenye nafasi yameushinda. Hapo ndipo Adinani anapowasha jiko lake kila baada ya sala ya adhuhuri na kuuza kahawa kwa watu ambao wangetaka wangekunywa kwao, ila kwao hakuna wa kubishana naye. Wa kudumu ni watatu. Behewa ni Mzaramo mstaafu wa reli, aliyekuja Tabora ujanani na treni ya kazi akasahau kurudi. Viza jina lake hasa ni Masolwa, mkulima wa Ntalikwa, mwenye pasipoti anayoitembeza kwenye mfuko wa shati ingawa haijawahi kugongwa muhuri hata mmoja. Na Bando ni Tobias, dereva wa bajaji, ambaye simu yake haikosi intaneti, kwa hiyo ndiye mjuzi wa dunia. Siku hiyo hawakuzungumza siasa wala mpira. Walimzungumza Najiat, binti yake Adinani.

Najiat alikuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri, na sasa alikuwa akiomba skolashipu ya kwenda kusoma chuo kikuu ng'ambo. Mwisho wa kutuma maombi ulikuwa jioni ileile. Alikuwa ameshakwenda mjini, steshenari, kuskani vyeti vyake. Lakini wafadhili walitaka na insha, na insha yenyewe ilikuwa na swali moja: ni shida gani kubwa umepitia maishani? Usiku uliopita alimuuliza baba yake, na Adinani akakuna kichwa. Shida walikuwa nazo, tena za kutosha, lakini zote za kawaida, za kila mtu mtaani. Hakuona hata moja ya kumsimulia mgeni. Akamwambia bintiye atauliza kijiweni, kisha atampigia simu.

— Umefanya la maana, — alisema Viza, akigusa mfuko wa shati. — Mambo ya nje yanataka watu waliokwisha kusafiri.

— Wewe umesafiri mpaka wapi? — aliuliza Behewa.

— Mpaka dirisha la uhamiaji. Wewe hata hilo dirisha hulijui.

Bando alikohoa kama mtu anayefungua mkutano.

— Sikilizeni, wazee wangu. Skolashipu siku hizi ni mchongo. Wenye akili wamejazana, kwa akili peke yake hupenyi. Unachotakiwa ni kuchagua nchi ambayo watu hawaendi. Kuna nchi huko ina baridi, ukitema mate yanaganda kabla hayajafika chini. Nani anaomba kwenda kule? Hakuna. Unaingia kama unaingia sebuleni kwako.

— Mwanangu akagande? — aliuliza Adinani.

— Agande na digrii, mzee.

— Nchi si hoja, — alisema Viza. — Hoja ni picha. Wazungu wanachagua kwa picha. Ukitabasamu umekwisha, wanasema huyu kashiba. Najiat amepiga picha gani?

— Ya pasipoti saizi. Amevaa mtandio wake mweupe, anacheka kidogo.

— Ameshafeli! Angesimama mbele ya ukuta wa udongo, pembeni mbuzi aliyekonda.

— Hatuna mbuzi.

— Azima! Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mbuzi hawakumtaja.

Behewa alikitua kikombe chake kwa kishindo.

— Mnaongea kama abiria wasio na tiketi. Huyu mtoto haombi, anadai zamu yake! Hawa Wanyamwezi watani zangu, pamoja na sura zao hizi mnazoziona, ndio waliowabeba Wazungu toka Bagamoyo mpaka Ujiji. Mzungu akiumwa, machela. Mzungu akiona mto, mabegani. Mzungu akinuna, ngoma. Sasa ni zamu yao kubeba. Aandike hivi tu: mimi ni mjukuu wa mpagazi, leteni machela.

— Machela ya siku hizi ndiyo ndege, — alisema Viza. — Na hiyo ndiyo maana ya asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wenyewe si ndio huu unaotoa skolashipu?

Adinani alicheka nao kidogo. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama, na mtoto alikuwa mjini akingoja simu yake.

— Jamani, — alisema, — nimwambie nini?

Bando alikuwa akiparaza kioo cha simu kwa kidole gumba. Ghafla akaruka.

— Hii hapa! Nimeikuta! Wanasema kipaumbele watapewa yatima.

Jozi tatu za macho zikamgeukia Adinani.

— Mnaniangalia nini?

— Mama yake yupo? — aliuliza Viza kwa sauti ya upole sana.

— Maua? Si umekula pilau yake Idi iliyopita?

— Basi yeye abaki. Yatima ni wa kufiwa na baba.

— Astaghfirullahi! Mnataka kuniua?

— Kwa insha tu, mzee wangu, — alisema Bando. — Miaka minne. Akishapata digrii, unafufuka.

— Kifo cha wengi harusi, — alisema Viza. — Cha mmoja skolashipu.

Mtu mwingine angewamwagia makaa. Adinani aliokota kikombe kikavu akakifuta, akakifuta tena. Alimpenda yule binti kupita kiasi, na jambo hilo hakuwahi kulisema mbele ya mtu. Kama kinachotakiwa ni kufa kidogo, aliona si bei mbaya.

— Nikishakufa, — aliuliza polepole, — kahawa nitauzaje?

— Unauza kama mdogo wake marehemu.

— Na nimekufa kwa nini?

Hapo ndipo walipochangamka.

— Nyuki! — alisema Viza. — Umepanda mtini kurina asali.

— Mimi mtu wa mjini, tangu lini nikapanda miti? Nife kwa mdudu?

— Ajali ya bajaji, — alisema Bando.

— Bajaji yako haijawahi kuua hata kuku.

— Simba, — alisema Behewa. — Simba wa pori la Ugalla, amekuja mpaka hapa kunywa kahawa. Wazungu wanampenda simba kuliko sisi.

Adinani alifikiri. Simba alikuwa na heshima yake.

— Sawa, simba. Lakini tulipigana kwanza.

— Mlipigana mpaka magharibi, mtani. Ulimng'oa sharubu.

Kahawa ilikuwa imefika kwenye machicha. Adinani aliyamwaga, akachukua birika na kuvuka barabara kwenda kwenye bomba la jirani. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu. Alisimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze akaliona jambo lenyewe: Najiat akipata, ataondoka. Hakutakuwa na wa kumwamkia alfajiri. Ilimuuma sana, na akafurahi kwamba foleni ilikuwa ya watu asiowajua.

Zamu yake ilipofika akajaza birika, na ndipo akasikia sauti yake mwenyewe nyuma yake.

— Kahawa chungu, kashata tamu! Kopa leo, kesho ni ya Mungu!

Akageuka. Behewa alikuwa amejilaza chali juu ya benchi, amejifunika gubigubi shuka lake la kujitanda begani, akiiga sauti ya marehemu. Si jambo la ajabu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kwenye msiba mtani ana ruhusa yake: atalala palipolazwa maiti, atamwiga marehemu alivyotembea na alivyokohoa, na hatoki mpaka atolewe kitu. Hakuna anayemkemea. Kosa la Behewa lilikuwa moja tu, kwamba msiba haukuwapo.

— Uuuwi! Adinani wetu! — alilia Bando, akijipiga paja kwa kicheko.

— Simba amemmaliza! — alilia Viza, mkono shavuni.

Wakati huohuo Bernadeta alikuwa akipita na beseni la dagaa kichwani. Bernadeta ndiye mama ambaye katika kila msiba wa Chemchem, uwe wa kanisani au wa msikitini, hufika kabla ya ndugu. Aliona kigoda cha Adinani kitupu. Aliona mtu chini ya shuka. Beseni likaenda chini.

Adinani alicheka kule bombani. Kisha akaacha kucheka.

— Bernadeta! Mimi hapa!

Bernadeta alitazama ng'ambo, akamwona marehemu amesimama na birika lake, amevaa kanzu. Alipiga ishara ya msalaba na kutimua mbio ambazo hakuna mtu wa rika lake aliyewahi kuzipiga mtaani pale.

— Mkimbilieni! — alipiga kelele Adinani, akivuka barabara na birika limejaa maji. — Bando! Mkimbilie!

— Mwacheni, — lilisema shuka. — Mtani hafufuki bure.

Chemchem habari haihitaji mtandao. Muda si muda wanawake wakaanza kuingia na khanga kiunoni, mmoja na mkeka, mwingine na sufuria kubwa la chai. Kila aliyefika Adinani alimwomba radhi kwa kuwa hai, na kila mmoja alichukia kana kwamba amedhulumiwa. Awadhi fundi cherehani alimwambia waziwazi kwamba ameacha suruali ya mteja nusu kuja kumzika, na kwamba si uungwana.

Bodaboda ilifunga breki mbele ya benchi. Najiat alishuka na ndala moja mguuni, bahasha ya vyeti ameikumbatia. Hakumwamkia mtu, yeye ambaye hata watoto wa jirani huwaamkia. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, akamgusa shavu kwa kiganja.

— Ni wewe?

— Ni mimi, mwanangu.

— Wameniambia simba.

— Hakuna simba.

Akamwekea kichwa kifuani, birika likiwa katikati yao, akalia kwa sauti. Adinani alimshika kisogo. Aliona aibu, aibu ya kweli.

Bando alijaribu kuokoa jahazi.

— Dada Najiat, usitukasirikie. Yote haya ni kwa ajili ya insha yako. Hayo machozi yasipotee, kayaandike hivyohivyo.

— Insha nilishaandika, — alisema Najiat, akijifuta na ncha ya mtandio. — Nilipoona baba hapigi simu, nikaandika mwenyewe.

— Umeandika shida gani? — aliuliza Viza.

— Nimeandika kwamba shida zetu nyingi sikuzijua nilipokuwa mdogo. Chakula kikiwa kidogo, baba alikuwa anasema ameshakula kijiweni.

Wale watatu walitazama chini. Miaka yote waliyokaa pale, hawakuwahi kumwona Adinani anakula kitu zaidi ya kashata iliyovunjika.

— Umeshaituma? — aliuliza Adinani.

— Nilibakiza kubonyeza tu. Ndipo mtu akaingia kuniambia umekufa.

— Muda bado upo! — alisema Viza. — Bando, washa chombo! Mpeleke!

Bando alirukia bajaji, injini ikaunguruma. Najiat hakusogea.

— Ngojeni kwanza. Nina swali moja, nataka yeyote anijibu. — Aliwatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa baba yake. — Nikibonyeza, huenda wakanichukua. Nitakuwa mbali, peke yangu. Siku moja simu itaita niambiwe baba amefariki. Nitajuaje kama ni kweli au ni nyinyi?

Wanawake wenye khanga kiunoni walimtazama Viza. Viza alimtazama Bando. Bando alijifanya anasikiliza injini. Ikabaki zamu ya Behewa, ambaye hakuna kaburi Tabora aliloshindwa kulitania. Behewa alikaa kitako, akajivua shuka begani, akaanza kulikunja, pembe kwa pembe, kwa makini sana.

— Mtani, — alisema hatimaye, bila kuinua uso, — hebu tumiminie.

Adinani alichukua kikombe, akainamisha birika kwa mazoea. Yakatoka maji ya bomba, ya baridi, kama alivyoyateka.

— Kahawa haipo, — alisema.

Bajaji iliendelea kuunguruma. Najiat alikuwa bado amesimama, mguu mmoja mavumbini, akimtazama baba yake.