Kiti cha Mbele

Tangu gari la abiria lilipoondoka soko la Volo Volo, mzee mwenye joho alikuwa akijisifia jenereta yake mpya, mpaka kijana aliyekaa mlangoni, Attoumane, akamkatiza. "Mzee wangu, mimi nina mashine ya video. Tufungue ukumbi, tugawane mapato." Akaeleza kwamba ameuza ng'ombe wa harusi yake kubwa, ile impayo mwanamume sauti mbele ya wazee, ili ainunue. Mzee akashika kifua. "Bila harusi hiyo, nani atakusikiliza barazani?" "Barazani nitanyamaza. Ukumbini watakuja wenyewe."

Kwenye kizuizi cha barabarani, mmoja wa mamluki wa Kizungu wanaomlinda rais alituchungulia na bunduki yake, nasi sote tukawa wacha Mungu. Tulipoondoka, mzee akauliza lililokuwa likimkera hasa: "Na sisi tuliokwisha fanya harusi kubwa, tutakaa mbele ukumbini?"

"Atakayewahi ndiye atakayekaa mbele."

"Basi jenereta sahau."

"Nitatafuta kwingine," Attoumane akajibu. Hakuonyesha woga. Niliyeogopa ni mimi, nisiye na hata mbuzi wa harusi hiyo.

Gari likasimama Itsandra. Attoumane akakunja magoti kumpisha mzee atangulie kushuka, kama tulivyolelewa sote.

Mzee hakusogea. "Shuka wewe," akasema. "Si ndiwe uliyewahi mlangoni?"