Matone ya Siku ya Maumivu

Basini, bibi mmoja alikuwa ametega sikio. Mbele yake fundi cherehani alikuwa akibishana na nesi wa macho, watu wasiojuana.

"Dada, matone natia jicho likiuma tu."

"Kaka wee! Presha ya jicho mara nyingi haiumi. Maji ya ndani yakikosa pa kutokea, yanaua mshipa wa kuonea polepole, na kuona kunapotea kuanzia pembeni."

"Mbona sindano natunga?"

"Katikati hubaki mwisho. Hebu ziba jicho moja."

"Mimi mtoto?"

Bibi, ambaye chupa yake ya matone ilikuwa kabatini ikingoja maumivu, ndiye aliyeziba, macho mbele. Kondakta aliyesimama mlangoni, pembeni, akatoweka. Akazibua: yupo. Akaziba tena: hayupo.

Basi likasimama.

"Bibi, umefika," ikasema sauti kutoka pale pasipo na mtu.