Mtu Aliyeagwa Akabaki

Ndugu zangu na dada zangu, habari za asubuhi. Mchungaji ameniomba niseme kwa ufupi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ufupi haujawahi kuwa kipaji changu, kwa hiyo mnivumilie. Sitamtaja mtu kwa jina. Baadhi yenu mtajitambua, na nawaomba msiinamishe vichwa, kwa maana sikuja kumshtaki yeyote. Nilishashtaki, na niliyemshtaki ni serikali.

Wengi mnaikumbuka ile Jumapili. Nilikuwa nimepata nafasi ya kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja katika chuo kikuu cha ng'ambo. Tangu nilipohitimu nilikuwa nikilingoja jambo la namna hiyo, bila kuthubutu kulisema. Barua ilipofika, niliomba pasipoti kwenye mtandao wa serikali, nikaenda Nairobi kutoa alama za vidole, nikaambiwa nisubiri majuma machache. Nanyi mkafanya lile ambalo sisi watu wa kanisa hili hufanya mtu akipata safari: mkaniaga. Sisi hatungojei tiketi. Tukishasikia habari njema, tunapika.

Mliniwekea mikono kichwani mkaniombea. Akina mama walinifunika blanketi zito la baridi, katika jua hili la Isiolo, nikatokwa na jasho huku mkinipiga picha. Mlichanga. Kesho yake nilijiuzulu shuleni, na mwisho wa mwezi nikaiacha nyumba yangu ya mtaa wa Bulla Pesa, mpangaji mwingine akaingia siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimefunga kila mlango nyuma yangu, kama msafiri anavyopaswa kufanya.

Pasipoti haikuja.

Kwenye mtandao palikuwa na taarifa moja tu, kwamba ombi langu linashughulikiwa. Nilipiga simu, zikaita mpaka zikakatika. Nilirudi Nairobi. Afisa aliyekuwa nyuma ya kioo aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba vitabu vya pasipoti vimekwisha. Nilipomwuliza vitapatikana lini, aliitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, kana kwamba mmoja wao ndiye mwenye jibu. Chuo kile kiliniongezea muda. Mara ya pili waliniandikia kwa adabu nyingi kwamba nafasi yangu imepewa mtu mwingine.

Ndugu zangu, nawaambia, kupoteza kazi ni uchungu ambao watu wanaufahamu. Wanajua kusema pole. Lakini mtu aliyeagwa akabaki hana salamu yake. Mlikuwa mkinikuta mjini mnauliza, "Mwalimu, si ulienda?" Mwanzoni nilieleza kisa chote, nimesimama juani. Baadaye nikaeleza nusu. Mwishowe nikawa nabadilisha njia. Mama mmoja anayeuza nyanya sokoni alinipokea kwa furaha ya kweli: "Mwalimu! Umerudi lini? Na mbona hiyo baridi haikukutoa hata rangi?" Hakuwa akinidhihaki. Yeye aliamini kwamba nilikwenda, nikakaa, nikarudi. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Nilinunua nyanya nyingi kuliko anazoweza kula mtu mmoja, nikaondoka.

Nikahamia mtaa wa Kiwanjani, kwenye chumba kimoja, ambako hakuna aliyenijua. Niliacha kuja kanisani. Jumapili nilifua nguo, hata zilizokuwa safi. Simu yangu ilikaa kimya hadi nikawa naiinua kuhakikisha kwamba inafanya kazi. Nilikuwa mtu mzima, mwenye shahada, aliyewafundisha watoto wenu kuandika barua za kirafiki, na sikuwa na rafiki wa kumwandikia.

Kisha maneno yakanifikia. Kwamba hakukuwa na barua yoyote. Kwamba michango niliila. Na kwamba serikali haiwezi kumnyima mtu pasipoti hivi hivi: "Wanajua walichoona kwa hiyo faili yake." Nyinyi mnaelewa uzito wa maneno hayo katika mji huu, ambako wengi wetu, tukiomba kitambulisho, tumewahi kusimama mbele ya meza tukiulizwa babu yetu alizaliwa wapi. Sikuwa tena mtu aliyecheleweshwa. Nilikuwa mtu mwenye kasoro. Hapo ndipo nilipojua kwamba kitu nilichokuwa nikikipoteza si safari, bali jina langu.

Nilimpata wakili kijana, binti wa hapa hapa. Alinieleza kwamba Katiba inampa raia haki ya kuhudumiwa bila kucheleweshwa, na kwamba ucheleweshaji usio na sababu unaweza kulipiwa fidia. Tukafungua kesi. Nilidhani angalau wale waliokuwa wakingoja kama mimi wangenisogelea. Walikimbia. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na mimi nangoja yangu. Tafadhali usiniweke kwa hiyo maneno." Simlaumu. Alihofia kwamba akionekana nami, faili lake nalo litalala.

Tatizo lilikuwa hili. Kazi niliyoipoteza ilikuwa na karatasi zake. Lakini wakili alinionya kwamba upande wa serikali utasema sikuumia, kwa kuwa sikufungwa wala sikufukuzwa, nilikuwa tu kwetu. Akaniuliza ni nani aliyeniona nikiumia. Nikamjibu kwamba hayupo. Upweke, ndugu zangu, unakuja bila shahidi. Kama ningekuwa na shahidi, nisingekuwa na upweke.

Nilikuwa tayari kuiondoa kesi. Jioni moja mlango wangu wa Kiwanjani ukabishwa. Alikuwa dada mmoja wa kanisa hili, aliyesimamia sherehe ya kuniaga. Jina lake lilikuwa limechafuka pamoja na langu, maana yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuomba michango. Alikataa kuketi.

"Mwalimu, nimekuja kukuuliza mara moja tu, na sitauliza tena," akasema. "Hiyo safari ilikuwa ya ukweli?"

Nikaanza kufungua mkoba nimtolee barua ya chuo. Akanizuia.

"Wacha makaratasi. Sikuomba karatasi. Niambie kwa mdomo."

Nikamwambia ilikuwa ya kweli. Akanitazama muda mrefu kuliko ninavyopenda kutazamwa.

"Haya. Niambie hiyo korti inaanza saa ngapi."

Sijui kama mnaelewa lililonipata. Kwa miezi mingi nilikuwa nikitembea na vithibitisho kwa ajili ya watu wasioniuliza, na huyu mmoja aliyeuliza akatosheka na neno langu. Alipoondoka nilikaa chini sakafuni nikalia.

Siku ya kesi, wakili wa serikali alimwuliza dada yule, aliyekuja kunitolea ushahidi, nimepata hasara gani, ilhali nilikuwa nikiishi katikati ya jamaa na marafiki. Dada alisimama wima, akashika ukingo wa kizimba.

"Sisi tulikuwa tumeshamuaga, bwana. Mtu ukishamuaga, hujui tena utamwambia nini. Mimi mwenyewe nilimwona sokoni nikajificha nyuma ya gunia za maharagwe mpaka apite." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Hakuenda, na hatukubaki naye. Hiyo ndiyo hasara. Nyinyi mlichelewesha kitabu, na sisi tukampoteza mtu."

Mahakama iliamua kwamba ucheleweshaji ule haukuwa na sababu, kwamba hapakuwa na kasoro yoyote katika faili langu, na kwamba nilipwe fidia. Jaji aliposoma hayo maneno ya kasoro, sikusikia yaliyofuata. Pasipoti ilitoka muda mfupi baadaye. Fidia bado haijalipwa, na mnavyoijua serikali, huenda tukaiombea tena hapa. Ile nafasi ya ng'ambo haitarudi. Nimepata vipindi katika shule nyingine. Siku nyingine bado napita njia ya nyuma, kisha nakumbuka kwamba sina ninayemkwepa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru wakili wangu, aliyenidai kidogo kuliko haki yake. Namshukuru mwenye nyumba wa Kiwanjani, ambaye hakuwahi kuniuliza nilitoka wapi wala ninaenda wapi. Na dada yangu, umeniomba nisikuonyeshe kidole, sikuonyeshi. Asante.

Kama kuna la kujifunza, ni hili. Ukicheleweshewa haki yako, idai, hata kama utaidai peke yako kwa muda. Na ukimwona mtu mliyemuaga bado yuko mjini, usimwulize kwa nini hajaenda. Yeye analijua swali hilo kuliko wewe. Mwulize kama amekula.

Mimi leo sina safari. Sijaja kuombewa niende mahali. Tukitoka hapo nje, naomba tu mnisalimu kama mtu anayeishi hapa.