Yowe Lile Ni la Bibi

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu hajawahi kumwona marehemu akifa? Kwa niaba ya familia nawasomea maisha yake, maana vifo vyake mnavijua: kwenye filamu kumi na tisa za mizimu na majumba ya kale, yeye ndiye yule mtumishi mwenye trei, anayenyongwa kabla hamjamaliza bisi zenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1941, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia Januari 1949 hadi Desemba 1956, ambako kengele ilipopasuka mwalimu mkuu alimsimamisha yeye uwanjani awaite wenzake, na hata waliojificha vyooni walitoka.

Tarehe 2 Aprili 1962 aliajiriwa na kampuni ya filamu kupiga pasi sanda za mizimu, na mwaka uliofuata akapewa nafasi ya kufa, kila mara mtumishi, kila mara bila jina, kila mara wa kwanza, kwa sababu, dairekta alisema bila hata kupepesa macho, kamera haioni woga kwenye uso mweusi. Haya. Tarehe 17 Oktoba 1966 bibie staa, mweupe kama sanda zenyewe, aliamka sauti imekauka kwa mafua, marehemu akafichwa nyuma ya pazia, akapiga yowe moja tu, staa akapanua mdomo mbele ya kamera, na nywele za watu zinasimama hadi leo. Dairekta akamwambia, "Umeua, dada, sasa rudi kwenye pasi."

Tarehe 21 Desemba 1968 aliolewa na fundi taa wa studio, aliyemposa kwa kumwambia, "Nimechoka kukumulika ukifa, njoo nikumulike ukiwa hai," wakajaliwa watoto watatu na wajukuu saba, wanne wana digrii, kazi anayo mmoja, hiyo tuiache.

Koo lilianza kumsumbua Machi 2019, na tarehe 4 Februari 2020 madaktari wakaliondoa zoloto, kisanduku cha sauti kooni, kumwokoa, sauti ikaenda nalo. Tangu hapo aliandika kwa chaki kwenye kibao, na filamu ile ikirudiwa kwenye tivii alifungulia sauti hadi mwisho, akaandika, "Huyo ni mimi." Aliiandikia kampuni, ikamjibu tarehe 8 Juni 2021 kwamba kwa kumbukumbu zao yowe ni la staa, barua yenyewe ikianza, "Mpendwa shabiki," yaani fan, fan wa koo lake mwenyewe!

Alifariki Jumamosi, tarehe 12 Novemba 2022, asubuhi. Jumapili alasiri, tumejaa sebuleni, filamu ile ikaonyeshwa kwenye tivii ya jirani, yowe likaingia dirishani, na mumewe, babu yetu, akavaa kandambili akaelekea chumbani. Tukamuuliza, "Babu, wapi?" Akasema, "Ananiita, kwani nyie hamsikii?" Tulisikia, sote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapiga pasi wenzake, na majirani, hasa yule aliyekuja mbio kuomba radhi, rimoti bado mkononi. Bibi, lala salama, safari hii hakuna atakayekuamsha mrudie tukio la kufa.

Na ninyi wawili wa kampuni, safu ya tatu, mliokuja na shada: karatasi ya ratiba ya mazishi mliyoishika ina jina lake kamili, nendeni nalo, mkaliandike kwenye filamu ile, mseme sauti ni yake, kabla babu hajaitwa tena.