Aliyelifuata Puto kwa Gari

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Puto.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, kisha akaenda chuo cha ushonaji, alikohitimu mwaka 1974 akiwa wa kwanza darasani, jambo alilotukumbusha kila tulipompelekea suruali iliyochanika. Januari 1975 aliajiriwa kwenye karakana ya maturubai, akakalia cherehani ya tatu kutoka mlangoni kwa miaka thelathini na sita.

Mei 1979 alifika hapo fundi wa majiko ya gesi, amebeba puto kuukuu la hewa moto, lile kubwa la kupaisha watu ndani ya kapu, mishono imefumuka, na mafundi wote wakamcheka isipokuwa dada, aliyelitandaza sakafuni akalishona kwa wiki tatu, na kazi ilipokwisha fundi yule akaendelea kuja bila puto. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981, wakajaliwa binti mwaka 1983 na mtoto wa kiume mwaka 1986.

Kila Jumapili asubuhi shemeji alipaa, na kwa kuwa puto halina usukani, dada alimfuata chini kwa pikapu, akisoma upepo kwenye moshi wa tanuri la mkate na nguo zilizoanikwa, na garini hakukosa chupa ya chai na kikombe kimoja cha ziada, cha mwenye shamba ambaye shemeji angemwangukia kwenye mboga zake. Shemeji alimsihi miaka nenda miaka rudi apande naye walau mara moja, naye akamjibu kwamba wakipanda wote, nani atakuja kuwachukua, na jibu hilo, tusifichane, lilimuuma shemeji.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa, akapata nafuu, hadi Aprili 2024 madaktari walipomruhusu arudi nyumbani na kutuambia ukweli kwamba tiba imefika mwisho. Jumapili tarehe 19 Mei, shemeji alilifunga puto kwa kamba tatu kwenye pikapu ile ile, akamwambia hahitajiki mtu wa kuja kuwachukua, gari lipo hapo hapo chini, na dada akazikagua kwanza kamba zote tatu, kisha akaingia kapuni. Wakapanda mita kumi na tano, kwa dakika ishirini, sisi tukiwa chini tunalia na kucheka, na aliposhuka tukamuuliza ameona nini, akasema ameona paa la gari lina vumbi la miaka na hakuna aliyewahi kuliosha.

Alifariki dunia nyumbani, Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa karakana, majirani, na wenye mashamba wote mliokubali kile kikombe cha chai badala ya kukasirika. Pikapu iko hapo nje, ndiyo itakayombeba, na paa lake shemeji ameliosha leo asubuhi kwa mikono yake.

Dada, safari hii tangulia wewe, sisi tutafuata nyuma. Pumzika kwa amani.