Bi Loutfia wa Domoni

Ndugu mliotoka hapa mtaani Magoudjou, nanyi mliovuka bahari kutoka Mutsamudu, kisiwani Anjouan, tulieni kidogo tumkumbuke mama yetu, Bi Loutfia binti Idarousse, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1936 huko Majunga, Madagaska, mtoto wa pekee wa mama Mmalagasi na fundi cherehani Mkomoro ambaye kila alipoulizwa kwao alijibu Domoni tu, kisha akafariki bila kusema Domoni ya kisiwa gani.

Alihitimu chuo cha Kurani mwaka 1949, akafunzwa ushonaji na baba yake, akaolewa na marehemu Tadjiddine tarehe 2 Februari 1957, wakajaliwa Housni, ambaye leo ni mpakiaji wa bandari ya Mutsamudu, na Soraya, aliyeolewa hapa Moroni.

Mwaka 1977, akiwa mjane, aliletwa hapa Moroni pamoja na wenzake waliokimbia mauaji ya Wakomoro huko Majunga, akapanga Magoudjou, na kwa kuwa kwetu asiye na mji hana pa kuketi arusini, akaenda kuutafuta wake. Domoni ya Ngazidja, kisiwa hiki chetu, walimpokea, wakamweleza kuwa jina lao ni mdomo wa njia ya kushukia pwani, Domoni ya Anjouan nao wakampokea, wakasema ni mdomo wa mto, naye akarudi akicheka kwamba midomo yote miwili imemlisha, na tangu hapo kila arusi alikula sinia mbili, moja kwa kila Domoni, jambo ambalo daktari wake wa kisukari hakulipenda hata kidogo.

Agosti 1997, Anjouan ilipojitenga, watu walimbana ataje ni Domoni ipi, na swali hilo lilimuuma, maana mtoto hufuata mji wa mama, akitaja ya Ngazidja Housni atafukuzwa bandarini, akitaja ya Anjouan Soraya atasumbuliwa hapa, basi akawajibu kwa upole kwamba baba alisema Domoni, naye hamwongezei marehemu neno.

Kisukari kilimzidi, akafariki hospitalini Moroni jana, tarehe 11 Novemba 1998, Housni akiwa amemshika mkono. Wazee wa Domoni zote mbili walikuja, kila upande ukitaka kumzika kwao, nasi tukahofia ugomvi, hadi jirani yake, Bi Zoubeida, alipowakumbusha jibu lake, wakakubali azikwe hapa, na asubuhi hii jeneza limebebwa na watu wa Domoni, hakuna aliyeuliza ipi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na wapakiaji waliomtafutia Housni nafasi kwenye boti ya kuja huku.

Pumzika salama, Mama, wa kwenu wamekuja.